Mizigo ya Reli Ilienda Wapi?

Waulize wazee wa Molo, Londiani au Muhoroni habari za reli. Watakuambia juu ya treni ndefu za mizigo, zikiwa na mahindi, sukari, mbolea na mafuta. Stesheni ilikuwa kama soko: vijana walipata kazi ya kupakia, akina mama waliuza chakula. Halafu stesheni zikanyamaza. Je, mizigo ilienda wapi? Haikuondoka siku moja.

Kwanza, njia ilihama. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo ya Uganda ikavuka ziwa kwa meli. Mwaka 1931 reli ya kupitia Eldoret ilifika Kampala. Laini ya Kisumu ikabaki tawi tu.

Pili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Reli ya nchi tatu ikagawanywa, na Kenya ikaunda shirika lake mwaka 1978.

Tatu, bomba la mafuta. Lilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafika Kisumu. Mafuta ni mzigo mzito unaokwenda mbali, na mzigo wa namna hiyo ndio ulioilisha reli.

Nne, lori. Lori huja mpaka shambani na kushusha mpaka dukani. Mzigo wa reli lazima upelekwe stesheni, upakiwe upya, kisha uchukuliwe tena mwisho wa safari. Kila kupakia ni pesa.

Basi reli ikaingia katika shida. Ikikosa mizigo, hukosa pesa za kutengeneza injini na mabehewa. Yakiharibika, treni huchelewa, na wenye mizigo hukimbilia lori. Kampuni ya binafsi ilipewa kazi hiyo mwaka 2006, lakini mkataba ulikatizwa mwaka 2017. Baadaye laini ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa, na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021.

Sisi tunajifunza nini? Behewa moja huweza kubeba tani 40 hivi, yaani zaidi ya magunia 400 ya kilo 90. Mkulima mwenye magunia 10 hawezi kulijaza, wala broka hamsikilizi. Lakini wakulima 40 wenye magunia 10 kila mmoja wanakaribia kulijaza. Hata kwa lori hesabu ni hiyo hiyo: mwenye mzigo mkubwa ndiye anayeweza kuzungumza bei.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kila mmoja wetu hulipa nauli ya shilingi ngapi kwa gunia?
2. Tukikusanya mavuno pamoja, tutayaweka wapi, na nani atashika daftari?
3. Ni nani kati yetu atakayeuliza bei ya lori na ya reli kabla ya mavuno?