Gari Litetemekapo Kwenye Mwendo

Mwenye gari akaaye Rebero, kilima kilichoko kusini mwa jiji la Kigali, huteremka asubuhi kwa gia ndogo na mwendo wa pole, na gari lake halimpi dalili yoyote ya ugonjwa. Ni mpaka aipite Nyanza ya Kicukiro na Gahanga, ashuke bonde la Nyabarongo kuelekea Nyamata, ambako lami hunyooka na mshale wa mwendo hukaribia kilomita 80 kwa saa, ndipo usukani huanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo hadi 60, mtetemeko hutoweka. Kesho yake humwendea fundi na kumwambia, “Gari linatetemeka.” Kwa maneno hayo mawili hubadilishiwa bolijointi, pengine hata shokapu, na juma lifuatalo gari hutetemeka vile vile.

Sisi hatumlaumu fundi peke yake. Mgonjwa asiyesema panapomuuma hupewa dawa ya kubahatisha.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini ugonjwa huu hungojea mwendo. Gurudumu ambalo uzito wake haukulingana pande zote huvutwa na upande ule mzito kila linapozunguka, na mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto huo huongezeka mara nne. Gramu 30 zilizozidi ukingoni mwa rimu ya gari dogo, kwenye mwendo wa kilomita 40, huvuta kwa nguvu isiyofikia uzito wa kilo moja. Kwenye kilomita 80 nguvu hiyo hupita kilo tatu, na gurudumu huwa linazunguka karibu mara 12 kwa kila sekunde. Ndiyo sababu dereva wa basi la abiria, ambaye tangu mwaka 2015 sheria imemtaka awe na kidhibiti cha mwendo kisichozidi kilomita 60, huenda asiujue ugonjwa huu kamwe.

Je, gramu 30 hutoka wapi? Kwa mkazi wa vilimani jibu la kwanza li chini ya miguu yake. Katika masika udongo mwekundu wa vichochoro visivyo na lami hujibandika ndani ya rimu, upande usioonekana, nao ukikauka hushika kama saruji. Maji na brashi ni matibabu rahisi kuliko yote, na ajabu ni kwamba hutajwa kwa nadra sana. Gurudumu likiwa safi, atazame pia kama pana alama ya mahali kipande cha risasi cha kusawazishia kilipodondoka.

Mtetemeko ukiendelea, dereva na ajiulize anausikia wapi. Ukiwa usukanini, aanze na magurudumu ya mbele. Ukiwa kitini na sakafuni, aanze na ya nyuma, au propela shafti kama gari linayo. Ukija pale tu akanyagapo breki, shaka ni juu ya diski, hasa kwa wale washukao Rebero mguu haubanduki kwenye breki badala ya kuliachia gia kazi hiyo. Ukija akanyagapo mafuta na kupungua aachiapo, jointi ya ndani ya ekseli ichunguzwe. Na kutenga injini na magurudumu, abadili gia huku akishikilia mwendo ule ule: mtetemeko usiobadilika hautoki kwenye injini. Asithubutu kujaribu kwa kuweka gia huru mteremkoni.

Kuna jaribio jingine lisilo na gharama. Magurudumu ya mbele yahamishiwe nyuma. Mtetemeko ukihama kutoka usukanini kwenda kitini, mkosaji amepatikana, ni gurudumu lenyewe. Hapo fundi alizungushe na kutazama ukingo wake, kwa maana rimu iliyopindwa na mtaro yaweza kusawazishwa uzito mpaka mashine iridhike, na bado ikacheza. Kunyoosha mwelekeo wa magurudumu ni kazi nyingine kabisa. Huponya gari livutalo upande mmoja au lilalo tairi, na wengi hulipia bure wakidhani ni dawa ya mtetemeko.

Lakini mtetemeko ulioanza ghafla, au uliotokea mara baada ya gurudumu kubadilishwa, haungojewi mpaka Jumamosi. Simama kando papo hapo utazame nati, kwani zilizolegea huweza kuliachia gurudumu njiani. Pitisha macho kwenye tairi pia: uvimbe ubavuni au katikati ni ishara kwamba nyuzi za ndani zimekatika au kuachana, na tairi hilo laweza kupasuka wakati wowote, hata kama kashata zake zingali ndefu. Tarakimu nne zilizopigwa ubavuni husema umri wake. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Nati zikazwe kwa mkingamo, si kwa kufuatana duara, gurudumu likiwa bado limeinuliwa kwa jeki. Kisha zikazwe kikamilifu likiwa limeteremshwa, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hivi.

Na akifika kwa fundi, dereva awe na maneno matatu mkononi: mwendo, mahali, na mguu ulikuwa juu ya nini.