Kwa nini ubao wa tiara haufungwi mguuni

Anayefika Paje au Jambiani, upande wa kusini mashariki wa kisiwa cha Unguja, wakati wa kaskazi au wa kusi, hukuta anga la pwani limejaa tiara kubwa za rangi mbalimbali. Hizo si tiara za watoto. Ni mabawa ya kitambaa yenye mirija iliyojazwa upepo, na chini ya kila moja, mwisho wa kamba zenye urefu wa mita 20 na zaidi, yuko mtu amesimama juu ya ubao akiteleza baharini. Diani, kusini ya Mombasa, hali ni hiyo hiyo.

Mchezo huu si wa zamani sana. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hati ya kulinda uvumbuzi wao wa tiara ya kujazwa upepo mwaka 1984. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mchezo ulishika kasi huko Hawaii, na mwaka 2024 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mashindano yake yakifanyika katika bahari ya Marseille. Kwetu umeleta watalii, na umewapa vijana kazi ya ualimu, ya kuendesha boti na ya kutengeneza vifaa. Vijana hao nao wanajifunza kuucheza, na ndiyo sababu wiki hii tunalizungumzia jambo moja dogo linaloweza kumgharimu mtu jicho, au hata uhai. Jambo hilo ni kamba ya kufungia ubao mwilini.

Mtu yeyote mwenye akili zake akiitazama kamba hiyo ataiona ni jambo jema. Ubao haukugundishwa miguuni. Mchezaji huingiza nyayo zake katika mikanda miwili tu, na akianguka ubao humtoka. Sasa kama umeufunga kwa kamba, hautapotea. Nani atakataa usalama wa namna hiyo? Lakini wakufunzi wa mchezo huu duniani wanaikataza, hasa kwa anayejifunza, na sababu yao inaeleweka vizuri ukiifuata hatua kwa hatua.

Kwanza tuangalie kamba hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa wale wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao bila tiara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko California, walianza kujifunga ubao kwa kamba ili wasiogelee mbali kuufuata kila wanapoanguka. Kamba za mwanzo zilikuwa za mpira wa kuvutika. Jack O'Neill, mfanyabiashara mashuhuri wa mavazi ya kuogelea katika maji ya baridi, alipoteza jicho lake la kushoto baada ya kamba ya namna hiyo kuvutika na kuurudisha ubao usoni pake. Picha zake nyingi zinamwonyesha akiwa na kitambaa cheusi jichoni. Huyo alikuwa kwenye mawimbi tu, hakuna kitu kingine kilichokuwa kikimvuta.

Mchezaji wa tiara anavutwa. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mtu wa mawimbi akianguka, mwili wake hubaki karibu na mahali alipoangukia. Mtu wa tiara akianguka, tiara iko bado angani, nayo inaendelea kumburura. Na nguvu ya upepo haiongezeki kidogo kidogo kama wengi wanavyodhani. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Zaidi ya hapo, tiara inapoporomoka kwa kasi kutoka upande mmoja wa anga kwenda mwingine, inajitengenezea upepo wake yenyewe na kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi.

Sasa tuseme kijana ameanguka na ubao umeponyoka. Yeye anaburutwa mbele. Ubao, ambao una mapezi chini yake, umegeuka kwa ubavu na kuchimba maji kama nanga. Kamba iliyo kati yao inakaza na kuvutika. Kila mtoto aliyewahi kutengeneza manati anajua kinachofuata. Ghafla ubao unachomoka majini, na nguvu yote iliyokuwa imejikusanya katika kamba inaurusha. Unarushwa kuelekea wapi? Manati ya kawaida humtaka mpigaji alenge. Hii inalenga yenyewe, kwa sababu mwisho wa kamba umefungwa mwilini mwa mtu. Ubao wenye urefu wa karibu mita moja na nusu, kingo ngumu na mapezi makali, unakuja moja kwa moja kwa mwenyewe. Mara nyingi unatokea nyuma yake, wakati macho yake yako kwenye tiara, na sehemu iliyo juu ya maji ni kichwa na shingo.

Watengenezaji waliliona tatizo hili wakaleta kamba inayojikunja ndani ya kikasha chenye springi, kinachofungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Walifikiri kwamba kamba ikitoka taratibu bila kuvutika kama mpira, hatari itaondoka. Hatari ilipungua tu. Kamba hiyo nayo ina mwisho wake, na ikifika mwisho, au ikikwama kwa chumvi na mchanga, yanarudi yale yale. Tena kamba yoyote ndefu inaweza kujizungusha mguuni, au kunasana na kamba za tiara wakati mtu anabiringishwa na wimbi. Katika ufukwe kama wa Paje, ambako akina mama wamepanda mwani kwenye vigingi na kamba, ubao unaoburutwa nyuma ya mtu unaweza kunasa huko pia, na kuharibu jasho la watu wengine.

Pengine utauliza: basi ubao ukinitoka nitaupataje? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni ujuzi. Mwanafunzi anayefundishwa vizuri hafundishwi kusimama juu ya ubao kabla hajajua kuburutwa bila ubao. Anailaza tiara upande mmoja, si juu sana na si chini sana. Mkono mmoja unashika fimbo ya usukani. Mkono wa pili anaunyoosha ndani ya maji, mwili ukilala kwa ubavu, ili uwe kama mkuku wa chombo. Akifanya hivyo hasukumwi tu kule upepo unakokwenda, bali anakata maji kuelekea joshi, yaani kule upepo unakotoka. Akienda kidogo upande huu, anageuza na kwenda upande ule. Mabaharia wetu wa ngalawa na jahazi wanaiita kazi hii kupiga bisha, nao wameifanya kwa karne nyingi. Baada ya bisha mbili tatu ubao unakuwa mbele yake, kwa kuwa ubao uliolala juu ya maji hausafiri haraka kama mtu anayevutwa na tiara.

Hapa lazima tutenganishe kamba mbili ambazo watu huzichanganya. Iko kamba ya ubao, ambayo ndiyo tunayoikataza. Na iko kamba fupi ya tiara, inayomuunganisha mchezaji na waya wa usalama. Hiyo ya pili ni ya lazima. Mambo yakiharibika, mchezaji anasukuma kifyatuo, tiara inapoteza nguvu na kuanguka majini, lakini haiendi zake kumwumiza mtu aliyeko ufukweni. Nayo kamba hiyo lazima iwe na kifyatuo chake cha pili, ili ikibidi mtu ajitenge kabisa. Nahodha wa ngalawa anayepigwa na tufani hulegeza kamba ya tanga. Hafungi fundo la pili. Kanuni ni hiyo hiyo: kamba nzuri baharini ni ile unayoweza kuiachia wakati wowote.

Wako wachezaji wazoefu wanaosema kwamba mbali na nchi kavu, ubao ndio unaomwezesha mtu kurudi, na kwa hiyo ni afadhali kuufunga. Hoja yao ina uzito wake. Lakini jibu la bahari hiyo ni kutokwenda mbali peke yako, kutotoka upepo unapovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, kuvaa jaketi la kuelea na kuwa na boti ya kuokoa. Paje pepo zote mbili kuu huvuma kwa mshazari kuelekea ufukweni, na ubao uliopotea kwa kawaida hufika pwani wenyewe. Na hata anayeamua kujifunga, asifanye hivyo bila kofia ngumu kichwani. Kofia hiyo ni ya kila mchezaji, ingawa haikingi shingo wala uso wote. Kwa ubao wenye bawa la chuma au kaboni chini yake, ule unaomnyanyua mtu juu ya maji, kamba ni hatari maradufu, maana kinachorudi kina makali kama ya panga.

Mwisho, tuseme ukweli kuhusu sababu inayowafanya vijana wetu wajifunge. Si ujinga. Ubao mpya huuzwa kwa mamia ya dola, na kijana anayejifunza kwa ubao wa kuazima anajua hana uwezo wa kuulipa. Anafunga kamba kwa kuogopa deni. Kwa hiyo ushauri wetu haumhusu yeye peke yake. Unamhusu mwenye shule na mwenye ubao. Anayemwambia mwanafunzi au mfanyakazi wake kwamba akipoteza ubao atakatwa mshahara, amemfunga kamba hiyo kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ukutani ameandika kanuni zote za usalama. Afadhali amfundishe kupiga bisha kwa siku mbili zaidi, aandike namba ya simu juu ya ubao, na aupake rangi inayoonekana kwa mbali.

Ubao uliopotea utaokotwa na mvuvi, au utanunuliwa mwingine. Jicho halina duka.