Homoni za mwanamke: pima kwanza, nunua baadaye

Hedhi imevurugika, nywele zinakatika, uzito unapanda, usingizi hauji. Akina mama wengi wa kwetu walioko Louisville, Columbus na Buffalo huulizana: nitumie nini cha asili ili homoni zikae sawa? Majibu hayakosekani. Huyu anauza unga wa mlonge, yule anachanganya uwatu na habasoda, mwingine ana vidonge vya kila ugonjwa.

Lakini mwili hauna homoni moja. Tezi ya shingo, ovari, kongosho na tezi za juu ya figo, kila moja ina zake. Hedhi ikiruka, huenda ni tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, vifuko vingi kwenye ovari, ujauzito, kunyonyesha au umri wa kukoma hedhi. Hakuna mmea mmoja unaotibu yote hayo. Hata hivyo, yapo mambo ya asili yanayosaidia kweli.

Chumvi. Tezi ya shingo hutengeneza homoni zake kwa madini joto. Wanaotoka Kivu wanalijua rovu. Kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na madaktari tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya uvimbe huo. Marekani ilianza kuuza chumvi yenye madini joto mwaka 1924, lakini sheria haiwalazimishi wauzaji. Chumvi ya waridi na nyingi za bahari hazijaongezwa madini hayo. Tafuta neno "iodized" kwenye paketi. Usizidishe chumvi, badilisha aina tu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 220.

Usingizi. Louisville kuna Worldport, kituo kikubwa cha vifurushi cha UPS, ambako usiku ndio wakati wa pilika. Kazi ya usiku, hapo au kwenye maghala ya miji mingine, huvuruga saa ya mwili na inaweza kuvuruga hedhi. Kama huwezi kubadilisha zamu, lala saa zilezile kila siku, weka pazia zito, na watu wa nyumbani wakuachie utulivu.

Chakula na mwendo. Mwenye vifuko kwenye ovari na uzito uliozidi, akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwili wake, hedhi inaweza kurudi. Anza na soda na juisi. Punguza tonge la ugali, ongeza sombe, maharage na samaki. Theluji ya Buffalo ikizuia kutoka, tembea ndani ya maduka makubwa.

Uwatu unaweza kushusha sukari kidogo. Mjamzito asiutumie kama dawa, na anayemeza dawa za kisukari amwambie daktari kwanza.

Jihadhari pia na mkorogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina "clobetasol", dawa kali inayoweza kupenya ngozi na kudhoofisha tezi za juu ya figo. Kama umeitumia muda mrefu, muone daktari kabla ya kuacha ghafla. Vidonge vya nywele vyenye biotini navyo vinaweza kupotosha vipimo vya tezi ya shingo. FDA ilitoa onyo mwaka 2017. Mtaje daktari kila unachomeza.

Usingoje nyumbani ukikosa hedhi miezi mitatu bila mimba, ukilowesha pedi kila saa, ukitokwa damu baada ya kukoma hedhi, au ukiona uvimbe shingoni. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hali ya tezi ya shingo, na ikidhoofika ina dawa inayojulikana. Mimba ikichelewa, mume naye apimwe.

Na usimfanye mtoto wako mkalimani wa mambo ya hedhi. Kwa mujibu wa sheria ya haki za raia ya 1964, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Unapopiga simu kuomba miadi, sema tu: "Swahili interpreter".