Ndizi Iliyokatwa Bado Yapumua

Mkungu wa ndizi uletwapo sokoni Cibitoke, kaskazini ya jiji la Bujumbura, wengi huuhesabu kuwa ulikufa tangu panga lilipopita. Sivyo. Kila chembe hai ya ndizi, sawa na chembe za mwili wa mnunuzi wake, bado yatumia oksijeni, yaunguza sukari polepole pasipo moto wa kuonekana, na kutoa hewa ya kaboni, maji na joto. Nguvu ipatikanayo humo ndiyo inayoendesha uhai. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini haukomi kupumua mchana wala usiku.

Jambo hili lamhusu mama muuza ndizi kuliko mwanafunzi. Ndizi ianzapo kuiva hupumua kwa kasi zaidi, tena hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huziivisha na jirani zake. Anayezirundika juani aziharakisha, na mtaji wa juma zima waweza kugeuka mweusi kwa siku chache. Kivuli, nafasi ya hewa kati ya mikungu, na kuziondoa mapema zilizoiva: dawa hiyo haina gharama.

Wazee wa Burundi waliligeuza jambo hilohilo kuwa faida. Ndizi hufukiwa shimoni kwa majani na udongo, joto na hewa yake vikabaki humo, zikaiva pamoja. Kisha hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ili kupata urwarwa. Hamira ya asili, ikikosa oksijeni, haiwezi kuimaliza sukari. Huiacha njiani ikiwa kileo na hewa ya kaboni. Hasara ni kubwa: sukari ambayo ingetoa mafungu yapatayo 30 ya nguvu hutoa 2 tu.

Misuli ya askari akimbiaye mlimani nayo hufikia hali hiyo, ila huzaa asidi ya laktiki, si kileo, na hilo ni heri kwa nidhamu ya kambi. Akipumzika na kuhema, mwili huitumia tena asidi hiyo.

Nyumbani, hatari i katika bidoni ya plastiki. Ikikazwa kifuniko kabla povu la urwarwa halijatulia, hewa ya kaboni hukosa pa kutokea. Bidoni huvimba, na yaweza kupasuka usiku karibu na watoto. Kifuniko kilegezwe, nayo iwekwe penye hewa, mbali na chumba cha kulala.