UMEME WA VISIWANI NA MAJI YA MBEYA NA IRINGA

Aghalabu mwananchi wa Unguja akiulizwa umeme wake unatoka wapi, hutaja Ras Fumba na kituo cha Mtoni. Na wa Pemba hutaja Tanga. Majibu hayo ni sahihi, lakini yanaeleza mwisho wa safari tu. Sehemu ya umeme huo huanzia mbali zaidi, katika mvua zinazonyesha juu ya milima ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Maelezo haya yanatolewa ili watumishi wa Serikali na wananchi waifahamu safari hiyo, kwani anayeijua ataelewa kwa nini umeme hupatikana, kwa nini hukosekana na kwa nini gharama yake hupanda.

Njia ya maji

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huteremka hadi bonde la Usangu, Mkoa wa Mbeya, na kuingia katika ardhi oevu ya Ihefu. Ardhi hiyo ni mfano wa mtungi: hupokea maji wakati wa mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kutoka hapo mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hukutana na Ruaha Mdogo unaotoka Iringa, kisha huingia bwawa la Mtera lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma.

Mtera maji huzungusha mashine za megawati 80, kisha huteremka hadi Kidatu, Mkoa wa Morogoro, ambako huzungusha mashine za megawati 204. Mto huo huungana na Rufiji juu ya Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mashine yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2024 na ambalo lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo tone moja la mvua ya Mbeya laweza kufua umeme mara tatu kabla ya kufika baharini. Kadhalika mto Kihansi, unaotoka upande wa Mufindi, hushuka zaidi ya mita 800 katika ukingo wa milima ya Udzungwa na kuendesha kituo cha megawati 180 kilichokamilika mwaka 2000.

Tofauti ya Mtera na Kihansi inafaa kufahamika. Mtera ni ghala: huweka maji ya msimu mmoja kwa ajili ya msimu mwingine. Kihansi ina bwawa dogo, hivyo hutegemea mto usiopungua, na mto usiopungua hutegemea misitu iliyohifadhiwa huko juu. Ghala likiwa tupu au msitu ukikatwa, mashine hubaki nzima lakini hazina cha kuzizungusha.

Mto ulipokatika

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Lawama nyingi zilielekezwa kwa mashamba ya mpunga ya Usangu na kwa mifugo iliyoingia Ihefu. Mwaka 2006 Serikali iliamuru mifugo iondolewe bondeni, na mwaka 2008 eneo la Ihefu liliingizwa katika Hifadhi. Hatua hizo ziliwagusa wafugaji na wakulima wengi, na malalamiko yao yaliendelea kwa miaka.

Watafiti waliolichunguza bonde hilo walieleza, hata hivyo, kwamba kilimo na mifugo si sababu pekee ya upungufu wa Mtera. Namna maji ya bwawa lenyewe yalivyofunguliwa katika miaka iliyotangulia nayo ilichangia. Isitoshe, maji hayo ndiyo yanayootesha mpunga wa Mbarali, na mchele wa Mbeya hupikwa katika nyumba nyingi za Unguja. Mwananchi wa visiwani basi ana haki mbili juu ya mto huo, taa na sahani, na hapaswi kuitaka moja huku akiidharau nyengine.

Matokeo ya ukame yanakumbukwa. Mgao wa umeme ulikuwepo mwaka 1992, mwaka 1994, na kwa ukali zaidi mwaka 2006, Mtera iliposhuka chini ya kina kinachoruhusu mashine kufanya kazi. Kila mara Taifa lililazimika kuchoma mafuta yaliyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Maneno matatu

Umeme safi, wa uhakika na wa bei nafuu ni maneno yanayotajwa pamoja, lakini hayapatani bila ya juhudi. Umeme wa maji ni safi na gharama zake za kuendesha ni ndogo, ila ukitegemewa peke yake hauna uhakika. Dizeli huleta uhakika wa haraka, ila ni ghali na huchafua hewa. Hata usafi wenyewe una gharama: maji ya Kihansi yalipochepushwa, chura mdogo aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu, na kwengineko duniani asipatikane, alitoweka porini. Mwaka 2009 ilitangazwa hivyo rasmi, na ilibidi vizazi vilivyotunzwa Marekani virejeshwe kuanzia mwaka 2012.

Njia iliyobaki ni kuchanganya vyanzo. Gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mufindi kuna kituo cha maji cha Mwenga cha megawati 4, kilichoanza mwaka 2012 na kuhudumia vijiji vya jirani, na baadaye kikaongezewa mitambo ya upepo. Mbeya, katika maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka, joto la ardhi limekuwa likifanyiwa utafiti. Chanzo hicho hakingoji mvua. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga imeimarisha gridi, na mradi wa kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma umekusudiwa kuiunganisha na Zambia, ili ukame wa upande mmoja upate msaada wa upande mwengine.

Sehemu ya visiwa

Zanzibar haina mto wa kufua umeme. Shirika la Umeme hununua umeme kwa jumla kutoka Tanzania Bara na kuupokea kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza wa Unguja, wa mwaka 1980, ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na kwa kuwa maji ya visima huvutwa kwa umeme, mifereji nayo ilikauka. Mwaka 2013 uliongezwa waya wa megawati 100. Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, iliungwa na Tanga mwaka 2010.

Waya mpya umeongeza upana wa mlango. Haukuongeza akiba iliyomo ghalani. Kwa sababu hiyo wajibu wa visiwa hauishii Fumba. Mahitaji hupanda zaidi kuanzia magharibi hadi saa nne za usiku, na katika saa hizo ndipo mashine za gharama kubwa hulazimika kuwashwa. Ofisi inayoacha viyoyozi vikifanya kazi baada ya watumishi kuondoka, na nyumba inayoacha taa za nje zikiwaka mchana, hutumia maji ambayo mkulima wa Usangu ameambiwa ayabane.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuzima mitambo wanapotoka kazini. Wananchi nao wanaombwa kutumia balbu za matumizi madogo, kuahirisha upigaji pasi katika saa za jioni, na kutoa taarifa mapema wanapoona waya au nguzo zilizoharibika. Israfu ya neema ni kosa hata pale mwenye kuifanya amelipia. Na neema hii imesafiri kutoka Mbeya hadi visiwani, ikipita katika mashamba na mikono ya watu wengi.