Ultrasaundi katika Fiziotherapia: Manufaa na Mipaka Yake

Watu wengi huijua ultrasaundi kama kipimo cha mama mjamzito, lakini mawimbi ya sauti ya aina hiyohiyo hutumika pia katika fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, si kwa kupiga picha bali kwa kutuliza maumivu na kusaidia sehemu iliyoumia ipone. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, ilhali mashine za tiba hii kwa kawaida hutetema mara milioni 1 au milioni 3 kwa sekunde.

Mitetemo hiyo hutoka katika fuwele iliyomo ndani ya kichwa cha mashine. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zinapobanwa, na punde ikathibitika kwamba fuwele hizohizo zikitiwa umeme hutanuka na kunywea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitumia sifa hiyo kutafuta nyambizi baharini, na katika majaribio yake ikaonekana kwamba samaki waliopitiwa na mawimbi makali walikufa, jambo lililodhihirisha kuwa sauti hiyo isiyosikika huathiri viumbe hai. Matumizi yake katika tiba yalianza Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930.

Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu hupakwa kwanza jeli, ambayo kwa kawaida si dawa bali huondoa hewa iliyo kati ya ngozi na mashine, kwa kuwa mawimbi yakikutana na hewa hurudi nyuma karibu yote. Kisha mtaalamu hukizungusha kichwa cha mashine polepole juu ya sehemu inayouma kwa dakika 5 hadi 10, bila kukiacha kitulie, kwani kikitulia joto hujikusanya mahali pamoja, hasa karibu na mfupa, na mgonjwa huanza kuhisi maumivu ya ndani. Mitetemo milioni 3 huishia sentimita 1 au 2 chini ya ngozi, hivyo huifaa sehemu yenye nyama chache kama kifundo, na mitetemo milioni 1 hufika ndani zaidi, hivyo hutumika kwa misuli minene kama ya paja.

Mawimbi yakitolewa mfululizo hupasha joto, hasa katika kano, ambazo ni nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa au msuli na mfupa, na joto hilo huongeza mzunguko wa damu na kulegeza kiungo kilichokakamaa. Yakitolewa kwa vipindi, joto hupata nafasi ya kutawanyika, na kinachobaki ni msukumo mdogo wa majimaji yanayozunguka seli, ambao katika maabara umeonekana kuziamsha seli zinazojenga upya tishu. Jeraha bichi hutibiwa kwa njia hii ya pili, kwa sababu joto huzidisha uvimbe.

Hata hivyo, yanayoonekana maabara si lazima yaonekane kwa mgonjwa. Kwa kuwa mgonjwa mara nyingi hahisi chochote, watafiti wameweza kulinganisha mashine iliyowashwa na iliyozimwa bila yeye kutambua tofauti. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2011 kuhusu kuteguka kifundo yalionyesha kuwa faida, kama ipo, ni ndogo, na mwaka 2016 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliagiza wagonjwa wa maumivu ya kiuno wasipewe tiba hii. Kwa upande mwingine, utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha nafuu ya wazi kwa wagonjwa ambao kano za mabega yao zilikuwa zimejaa chokaa, ingawa baada ya miezi 9 tofauti kati yao na wenzao waliotibiwa kwa mashine iliyozimwa ilikuwa imepungua sana.

Tiba hii haifai kuelekezwa kwenye uvimbe wa saratani, macho, tumbo la mjamzito, mshipa wenye damu iliyoganda, mahali penye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, wala sehemu iliyokufa ganzi, kwa sababu mwenye ganzi hawezi kusema kwamba anaungua.

Hata pale tiba hii inapofaa, kinachomrudisha majeruhi katika shughuli zake ni mazoezi: kukikunja na kukikunjua kifundo, kuimarisha misuli inayokishika, na kujifunza kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, ili kisiteguke tena. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine kila wiki na kurudi nyumbani bila zoezi hata moja la kufanya ana haki ya kumuuliza mtaalamu wake sababu, kwani ultrasaundi ni msaidizi tu na haiwezi kushika nafasi ya mazoezi.