Mkopo Hujenga Barabara, Mfanyakazi Huitunza

Mnamo Desemba 15, 1973, lori lililosheheni lami lilikuwa likipita juu ya barabara kuu ya West Side katika jiji la New York, Marekani. Barabara hiyo ilijengwa juu ya nguzo za chuma kandokando ya mto Hudson, na lami iliyobebwa ilikusudiwa kuitengeneza barabara hiyo hiyo. Lori halikufika lilikokuwa likienda. Sakafu ya barabara ilikatika ghafula, nalo likaporomoka hadi chini pamoja na gari dogo lililokuwa karibu nalo. Kwa bahati njema hakuna aliyepoteza maisha yake. Lakini barabara ilifungwa, na katika miaka iliyofuata ikabomolewa.

Chuma kilichoishikilia barabara ile kilikuwa kimeliwa na kutu. Maji yaliyochanganyika na chumvi, ambayo humwagwa barabarani wakati wa theluji, yalikuwa yakipenya kwa muda mrefu, na kazi za kuzibua mifereji, kupaka rangi na kubadili vyuma vilivyochakaa zilikuwa zimepuuzwa. New York haikuwa jiji maskini, wala haikukosa watu wa kuikopesha. Katika miaka hiyo hiyo ilikuwa ikikopa mabilioni ya dola. Yafaa basi tujiulize: yawezekanaje jiji likope kiasi hicho, na bado lishindwe kuilinda barabara lililokwisha kuijenga?

Swali hili linatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Miji yetu inakua upesi, na viongozi wetu, kwa haki kabisa, wanatafuta mikopo ili kujenga barabara, mifereji, masoko na mabomba ya maji. Kukopa si aibu. Lililo muhimu ni kujua kipi kijengwe kwa mkopo, na nani atakitunza baada ya sherehe ya ufunguzi kwisha.

MIFUKO MIWILI

Kila serikali, iwe ya taifa au ya jiji, ina mifuko miwili. Mmoja ni wa maendeleo, ambao hujenga vitu vya kudumu. Wa pili ni wa matumizi ya kawaida, ambao hulipa mishahara, mafuta ya magari, mafagio, saruji ya kuziba mashimo na kadhalika.

Daraja likijengwa leo, huenda likatumika kwa miaka 50 au zaidi. Mtoto anayezaliwa mwaka huu atalipita akiwa mtu mzima. Si haki basi gharama yake yote ibebwe na walipa kodi wa mwaka mmoja tu. Mkopo wa miaka 20 huugawa mzigo huo, hata kila kizazi kinachofaidi daraja kikachangia sehemu yake. Hiyo ndiyo hoja njema ya kukopa.

Mshahara wa mfagiaji wa mwezi huu, kinyume chake, humalizika mwezi huu. Jiji likimlipa kwa fedha za mkopo, mwezi ujao barabara itahitaji kufagiwa tena, mfagiaji atadai haki yake tena, na deni la kwanza litakuwa bado halijalipwa. Ni sawa na mwenye nyumba anayekopa unga kila juma: ugali huliwa, deni husalia.

Hata hivyo mifuko hii miwili imefungamana. Kila kitu kinachojengwa na mfuko wa kwanza huuongezea kazi mfuko wa pili. Jeshini gari jipya halihesabiwi kuwa nguvu ya kikosi mpaka liwe na dereva, fundi, vipuri na daftari la matengenezo. Bila hivyo ni bati lililopakwa rangi. Na barabara ya jiji ni hivyo hivyo.

NEW YORK ILIVYOFIKA UKINGONI

Kwa miaka mingi New York iliivuruga mipaka ya mifuko hii. Chini ya mameya waliofuatana, gharama za kawaida, zikiwamo mishahara na mafunzo ya ufundi, ziliingizwa kidogo kidogo katika bajeti ya maendeleo, ili zilipwe kwa mikopo. Kufikia mwaka wa fedha wa 1975, gharama za namna hiyo zilipita dola milioni 700 kwa mwaka mmoja. Jiji lilikopa pia kwa muda mfupi, likitarajia kodi ambazo nyingine hazikukusanywa kamwe. Deni la zamani lilipofika siku yake, lililipwa kwa deni jipya.

Katika majira ya machipuko ya mwaka 1975 mabenki yalikataa kununua hati zaidi za jiji. Deni lote lilikadiriwa kuwa karibu dola bilioni 14, na kiasi kinachokaribia bilioni 6 kilikuwa cha muda mfupi, yaani cha kulipwa upesi. Mwezi wa Juni serikali ya jimbo iliunda shirika maalumu la kulikopea jiji, likidhaminiwa na kodi ya mauzo. Septemba ikaundwa bodi ya kudhibiti fedha, nayo ikapewa mamlaka juu ya bajeti. Jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 7 likawa halina tena uhuru wa kujipangia matumizi yake.

Oktoba 17, 1975, zilibaki saa chache tu jiji litangazwe kuwa limeshindwa kulipa. Liliokolewa na mfuko wa pensheni wa walimu, ulipokubali kununua hati za dola milioni 150. Ndugu msomaji apime jambo hilo: akiba ya uzeeni ya walimu ndiyo iliyowekwa rehani ili jiji lisianguke. Rais Gerald Ford, aliyekuwa amekataa kutoa msaada, alibadili msimamo wake mwezi wa Novemba akakubali kulikopesha jiji hadi dola bilioni 2.3 kwa mwaka, kwa masharti makali.

MAFAGIO YALIPOWEKWA CHINI

Masharti hayo na upungufu wa fedha viliwaangukia kwanza watu wa chini. Julai 1, 1975, askari polisi wapatao 5,000 na wafanyakazi wa usafi karibu 3,000 waliachishwa kazi. Wenzao wa usafi waligoma, na takataka zikarundikana mitaani katikati ya joto la kiangazi, mpaka baadhi ya walioachishwa waliporudishwa kazini. Nauli ya treni za chini ya ardhi ilipandishwa kutoka senti 35 hadi 50. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha jiji, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kimefundisha bila ada, kilianza kutoza ada.

Kati ya wote waliopunguzwa, hasara ya watunzaji ndiyo iliyochelewa kuonekana. Zimamoto wakikosekana, moto utasema usiku ule ule. Mpaka rangi wa daraja akiondolewa, daraja halisemi neno. Magari hupita mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano. Mhasibu huona kwamba fedha zimeokolewa na hakuna kilichoharibika. Kumbe kutu inafanya kazi yake bila likizo.

Daraja la Williamsburg, lililofunguliwa mwaka 1903, ni shahidi. Aprili 1988 wakaguzi walikuta kwamba vyuma vyake vimeoza kiasi cha kuhatarisha maisha. Lilifungwa, magari na treni zikazuiwa kwa majuma kadhaa, na ikajadiliwa kama si afadhali kulijenga upya kabisa. Mwishowe liliamuliwa litengenezwe. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10 na kugharimu mamia ya mamilioni ya dola. Mishahara ya wapaka rangi na wapaka grisi kwa miaka ile yote isingefika popote karibu na gharama hiyo.

Tuone basi jinsi makosa mawili yalivyozaana. Kosa la kwanza lilikuwa kukopa ili kulipa mishahara. Mikopo ilipokatika, mishahara ilikatika nayo, na likaja kosa la pili, la kuacha kutunza. Na kosa la pili likalazimisha mikopo mipya, mikubwa zaidi, ya kujenga tena kilichokuwapo. Marekebisho ya katiba ya jiji ya mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliweka sharti kwamba kila mwaka itolewe taarifa ya hali ya madaraja, majengo na mali nyingine kubwa za jiji, pamoja na kiasi cha fedha kinachohitajiwa kuzitunza. Somo lilieleweka, ingawa bei yake ilikuwa ghali.

MFANO WA TANGA

Hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuona namna njema ya kukopa. Katika Tanzania, Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani mwezi wa Februari 2024. Hatifungani ni hati ambayo mnunuzi hutoa fedha zake leo, naye aliyeitoa huahidi kumlipa riba na kumrudishia fedha zake kwa muda uliowekwa. Mamlaka hiyo ilitafuta shilingi za Tanzania bilioni 53.12 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Wanunuzi walijitokeza kwa kiasi kilichozidi kile kilichoombwa, na mwezi wa Mei mwaka huo hatifungani hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Mkopo huo una sifa mbili. Kwanza, umechukuliwa kwa shilingi, na bili za maji hulipwa kwa shilingi, hivyo kushuka kwa thamani ya fedha hakuongezi deni. Pili, kitu kinachojengwa kinaleta mapato yake chenyewe. Lakini yafaa tupige hesabu. Riba ya mwaka mmoja, kabla deni halijapungua, ni karibu shilingi bilioni 7.2. Fedha hizo zitatoka katika maji yaliyomfikia mteja na kulipiwa, si katika maji yaliyovuja njiani. Hapo fundi wa mabomba, msoma mita na mwenye zamu ya pampu ndio watakaoilipa hatifungani. Bomba likipasuka na kuachwa siku tatu, kinachomwagika ni fedha ya kumlipa mkopeshaji.

KAMPALA NASI

Na sasa tugeukie mji mkuu wetu. Kampala imepata mengi kutokana na mikopo. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 175 kwa ajili ya barabara na mifereji ya jiji, na wanaopita Kira Road au Makerere Hill Road wameyaona matunda yake. Deni hilo limebebwa na taifa, maana yake hata mkulima wa Karamoja ni mdhamini wake.

Lakini Aprili 2023 wakazi wa Kampala walisambaza picha za mashimo ya barabara za jiji, nayo serikali ikaelekeza zitolewe shilingi bilioni 6 ili yazibwe. Hatua hiyo ilistahili sifa. Hata hivyo shimo halizaliwi likiwa shimo. Huanza kama ufa ambao mtu mmoja mwenye toroli na ndoo ya lami angeweza kuuziba kwa asubuhi moja. Likingojea amri ya juu kabisa, limekwisha kuwa kubwa.

Lipo la kuhuzunisha zaidi. Agosti 10, 2024, jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za jiji tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa likafunika nyumba na watu. Zaidi ya watu 30 walifariki dunia. Jalala si shimo la kutupia taka tu. Ni mtambo unaohitaji watu kila siku: wa kusawazisha, wa kufunika kwa udongo, wa kuelekeza maji, na wa kupiga mbiu mlima wa taka unapoanza kupasuka. Jiji linalokua linaweza kukopa ili kununua eneo jipya na mitambo mipya. Uangalizi wa kila siku lakini haukopeki.

YATUPASAYO

Hapana budi basi, kila mkataba wa mkopo wa ujenzi unapotiwa sahihi, karatasi ya pili iwekwe mezani. Karatasi hiyo ieleze barabara au mfereji huo utahitaji wafanyakazi wangapi wa kuutunza, kwa mshahara gani, na fedha hizo zitatoka katika kodi ipi. Ikiwa karatasi hiyo haiwezi kujazwa, ujenzi upunguzwe mpaka iweze kujazwa. Ni afadhali kilomita 10 zenye wazibuaji mifereji kuliko kilomita 20 zisizo na mtu.

Pili, kazi ya utunzaji ipewe heshima yake. Kina mama wanaofagia barabara zetu kabla ya mapambazuko wanalinda mali ya mabilioni. Yafaa waajiriwe kwa utaratibu wa kudumu, wapewe vifaa na walipwe kwa wakati, kama walinzi wengine wa mali ya taifa wanavyotendewa.

Tatu, nasi wananchi tulipe kodi za majengo na ada za soko, kwa kuwa huo ndio mfuko halali wa mishahara hiyo. Mwenye duka anayekwepa kodi ya jiji, kisha akatupa chupa za plastiki katika mfereji ulio mbele ya mlango wake, amelihujumu jiji mara mbili. Mvua ijayo itaziba mfereji huo, mafuriko yataing'oa lami, na deni la lami hiyo litawangoja wanawe.